Harusi Yenye Wenyewe Wawili

Ayikoru mwanangu,

Wewe umelala, na mimi nina wivu. Nimeona nilitangulize hilo, maana ukilikuta mwishoni utadhani nilikuwa nalificha. Sikuonei wivu wa sura, sura hiyo nilikupa mimi. Wala si wa ujana, kwa sababu wa kwangu niliutumia wote na sidai chenji. Nakuonea wivu wa jambo moja dogo ambalo huenda hata hukuliona likipita. Nitalifikia.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichokuja nacho kutoka kwetu Bunia, Kongo, na ndicho nilichokubembelezea. Kilugbara cha baba yako nimekisema tangu niolewe, na bado shangazi yako hucheka nikifungua mdomo. Barua hii nitampa yeye, huyo huyo anayecheka, akukabidhi mkishafika Koboko na kutua mizigo. Ungeisoma hapa ungenifuata jikoni, tungelia wote wawili, na kesho lori lingeondoka bila wewe.

Sitakufundisha kupika wala kuamkia wakwe. Hayo unayajua, na usiyoyajua atakufundisha mama yake Lemi. Nimemwona yule. Ni mwanamke anayependa sana kufundisha.

Unakumbuka jioni ile wewe na Lemi mlipokaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko langu, na ungo wa maharage katikati yenu? Nilidhani mnachambua mboga ya usiku, nikafurahi kwamba Lemi, dresa wa kufunga vidonda hospitali ya Kuluva, hajivuni, anaweza kuchambua maharage na mchumba wake. Kumbe kila punje ilikuwa mtu. Mlianza na ungo umejaa, na mimi nikimenya muhogo nilikuwa nasikia watu wakitolewa mmoja mmoja.

"Huyu tunamwita kwa nini?" Lemi akauliza.

"Mama yake alituletea samaki."

"Basi tutampelekea mama yake samaki."

Punje ikaenda kwenye sufuria. Mlitoa watu wa soko langu, mlitoa jamaa za Lemi waliokuwa wakimkimbia alipofiwa na baba yake, mkafika watu kama sitini hivi. Ndipo mkaanza kugawa sukari, glasi moja kwa punje kadhaa, na mchele, na chumvi. Wewe ulitaka kujua yote itakuwa shilingi ngapi. Lemi akatikisa kichwa. "Shilingi tusihesabu. Shilingi ya leo, mwezi ujao iko ingine. Tuhesabu kitu. Sukari tukipata leo, tunanunua leo, tunaweka."

Nilimsikia, nikasema moyoni kwamba kijana huyu ana akili ya sokoni. Tangu Wahindi waondoke na maduka yapate wenyewe wapya, mimi navusha vitenge vyangu pale mpakani Vurra na kila mwezi nakuta bei nyingine. Nimeona watu waliokusanya pesa za harusi mwaka mzima, siku ya kwenda dukani zikatosha nusu ya walichopanga. Ninyi mkaanza kuweka sukari kwenye debe chini ya kitanda chako, glasi leo, glasi wiki ijayo. Hilo halikuniuma. Nililipenda.

Kilichoniuma kilikuja baadaye kidogo. Lemi aliusukuma ungo pembeni, akakutazama, akasema, "Sasa wewe, Ayikoru, unataka nini siku ile? Sema ile ya kwanza kabisa."

Ukafikiri. Ukasema, "Mimi nataka kiatu yangu mwenyewe. Sitaki ya kuazima."

"Basi kiatu inaingia mbele ya ng'ombe."

Mkarudi kwenye habari za chumvi kama vile hakuna kilichotokea.

Ni hapo, mwanangu. Nilikuwa na kisu mkononi na muhogo nusu umemenywa, nikasahau kumenya. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Baba yako ni mtu mwema, hajawahi kunipiga, hajaninyima chakula, akipata cha kuficha hanifichi. Lakini kuniuliza ninataka nini, hapana. Na kama angeniuliza siku ya harusi yetu sijui ningemjibu nini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikutazama ukihesabu chumvi na nikakuchukia kidogo. Ndiyo, nimesema kukuchukia. Kulipita upesi, ila hakukupita bure, kama utakavyoona.

Harusi yangu umesimuliwa na watu wengi, na wote wameisifu. Ngoja nikusimulie mimi niliyekuwa ndani yake. Baba yako aliponitoa Bunia alikuwa utingo wa lori la pamba. Tulitaka mchungaji atuombee, majirani wanywe chai, basi. Kaka yake, baba yako mkubwa wa Omugo, alikuwa ametoka katika jeshi la Waingereza na pesa zake za mwisho. Akasema mdogo wake hawezi kuoa kimyakimya kama mwizi wa kuku. Akatoa ng'ombe waliopelekwa kwa wazazi wangu, akachinja wengine wa karamu, akaita watu wa Terego nzima. Viatu nilivyovaa alivichagua mke wake, navyo vilinibana mpaka nikawa natembea kama kuku aliyefunguliwa kamba sasa hivi. Usidhani nililia. Nilijivuna. Nilijivuna hata nikasahau kuuliza harusi hiyo ni ya nani.

Jibu lilikuja polepole. Kwanza ilikwenda baiskeli ya baba yako. "Ndugu yangu, nani alikuoza?" aliulizwa, na baiskeli ikaondoka. Kisha likaenda shamba la mihogo la kule mtoni. Kila mara baba yako alifungua mdomo, akaufunga. Wewe ulipozaliwa, baba mkubwa alifika kabla kitovu chako hakijakauka. Akakubeba, akakugeuza huku na huku, akacheka. "Hii ng'ombe yangu imerudi," alisema.

Unajua mila ya huku. Anayetoa ng'ombe wa kumwoa mama ana neno juu ya ng'ombe wa binti. Ndiyo maana wale ng'ombe wachache ambao Lemi amewapata kwa jasho watapita uani kwetu bila kusimama, moja kwa moja hadi Omugo. Na ndiyo maana ulipomkataa yule mzee mwenye duka aliyeletwa na baba mkubwa, baba yako alinyamaza wiki nzima. Hakuwa upande wa mzee. Hakuwa na mdomo tu, mdomo wake uliliwa kwenye harusi yetu. Niligombana peke yangu, na nilishinda kwa sababu baba mkubwa anaogopa mwanamke anayepiga kelele barabarani. Anayekulipia harusi hanunui siku moja, ananunua na zinazofuata.

Kwa hiyo nilijua. Hakuna mwanamke Arua nzima aliyelijua hilo kuliko mimi. Na bado nilikwenda.

Niliaga kwamba napeleka vitenge soko la Koboko. Vitenge niliuza, viwili tu, kwa haraka. Kisha nikaenda kwa baba mkubwa wa Lemi, yule afisa wa jeshi ambaye wote mnamwita Afande, kwenye ule ua wenye malori na askari mlangoni. Alinipokea vizuri. Nikaletewa chai ambayo sukari yake haikuyeyuka yote, nikaimaliza ile ya chini kwa kijiko. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Bunia, "Afande, batoto wanapanga arusi sawa matanga. Chai na mukate. Batu watasema nini?"

Alicheka. "Mama, wewe iko na neno ya kweli. Mtoto ya ndugu yangu hawezi kuoa na maharage. Mimi nitasimamia yote. Lori tatu itatoka Arua. Ng'ombe iko. Bendi ya kambi iko. Wewe kaa tu."

Niliposhuka Arua nilikuwa nikiimba. Mtu mkubwa alikuwa ameniambia nikae tu, nami nikadhani hiyo ndiyo heshima niliyoikosa. Nilijiambia ni kwa ajili ya jina lako, ili yule jirani yetu aliyemwoza binti yake kwa malori ya jeshi aache kutupitia akiinua pua. Uongo. Jina lako halikuwa na shida yoyote. Nilitaka tu harusi ile isiwe yenu. Niliona kama ya kwangu ilikuwa na mwenyewe mwingine, kwa nini yenu ikose?

Nilikaa na siri hiyo nikiwatazama mkiongeza glasi zenu kwenye debe. Nilikuwa nacheka moyoni, kicheko kibaya, mwanangu. Nikikuona unafurahia nusu kilo uliyoipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri, nasema, subiri utaona.

Kisha ikaja Alhamisi ile uliyokwenda kwa fundi kupimwa gauni. Gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba na majirani wote wakaingia ndani. Askari kijana akashusha gunia zima la sukari nyeupe, akaliweka mlangoni, akanipigia saluti ya mzaha. Hakuwa na ubaya yule mtoto. Alileta maneno alivyopewa.

"Afande anasema hii iko ya arusi. Na anasema nisalimie ule mtoto ya kwanza ya msichana. Ule iko yake."

Nikacheka naye, kwa mazoea. Alipoondoka nikakaa juu ya gunia. Nilimwona baba mkubwa wa Omugo amekubeba, anakugeuza huku na huku. Binti yako hajazaliwa, hata kanisani hamjaingia, na tayari ana mwenyewe. Aliyemuuza ni mimi bibi yake, kwa kikombe cha chai.

Nililiburuta gunia nikalifunika kwa vitenge. Ulirudi ukaniuliza mbona natoka jasho, nikasema ni joto.

Baba yako nilimwambia yote. Kurudisha zawadi kwa mtu wa jeshi siku hizi si jambo la kujaribu ukiwa na watoto wa kulea, na mimi na wewe tunawajua waliochukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilidhani atanyamaza kama kawaida yake. Aliinua kitenge, akalitazama gunia. Halafu akasema, "Unataka niende na wewe, ama unataka kwenda peke yako?" Miaka yote hii, Ayikoru, na swali la kwanza likawa la gunia. Nilimwambia twende wote. Akalibeba begani mpaka kwenye lori, na njia nzima hadi Koboko alilikalia.

Afande alikuwa na wazee wa ukoo uani. Nilitaka kumwita pembeni, nikaona hapana, nikimrudishia gizani ataniletea tena gizani. Nikasema mbele yao, "Afande, mimi nilikosea. Arusi iko ya batoto. Hakuna mutu alinituma kwako. Sukari yako ni hii."

Afande aliwatazama wazee wake. Baba yako alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akipumua.

"Mama," Afande akasema, "wewe ulikuja hapa peke yako ukalia kwa mimi. Sasa unarudisha sukari yangu mbele ya watu. Unacheza na mimi?"

"Hapana. Nilikuwa na wivu."

"Wivu ya nani?"

"Ya mutoto yangu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, na mwisho Afande mwenyewe akavua kofia akacheka mpaka akafuta macho. Walinicheka, mwanangu, wazee wazima walinicheka kama mtoto aliyejikojolea, na sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Mtu anayecheka hakufungii ndani.

Alipomaliza akavaa kofia yake na uso wake. "Sawa. Lemi atafanya arusi yake na maharage yake. Mimi nitakuja, nitakunywa hiyo chai yao, na sitaleta kitu. Lakini wewe mama umenishusha mbele ya wazee. Siku ile nisione uso yako Koboko. Nikiona uso yako, nitajua hii maneno yote ilikuwa mchezo, na lori zangu zitakuja."

Baba yako akafungua mdomo. Safari hii alikuwa na la kusema, nililiona likija. Nikamkanyaga mguu. Nikasema, "Nimekubali, Afande."

Sasa umejua. Juzi uliponiuliza nitavaa kitenge gani kanisani, nikakujibu siendi, kwamba harusi ya chai na mkate si ya mwanamke kama mimi, hiyo ndiyo sababu. Ulisimama ukaniangalia kwa macho ambayo sikujua unayo. "Mama, hii wivu yako itakuua," ulisema. Hukukosea sana. Ningekwambia ukweli ungekataa kuolewa bila mimi, na Lemi angemwendea Afande kwa hasira, na hasira ya dresa mbele ya bunduki haina dawa. Nikaona afadhali unikasirikie.

Usije kunifuata. Usimwombe Afande anisamehe, wala usimtume mchungaji. Nikionekana Koboko siku ile, harusi inapata mwenyewe wa tatu. Mwache akae kwenye benchi kama mzee mwingine, mpe chai yenye sukari kama ya wengine, wala usimzidishie kijiko kwa woga. Akileta kitu, hata kuku, muulizeni hapo hapo mbele ya watu, "Baba, hii ni ya nini?" Anayekupa kwa moyo atajibu kwa neno moja. Akianza hadithi, mshukuruni, mrudishieni. Na si yeye tu. Mama yake Lemi naye, kwa upole wote ule. Nisamehe, lakini naye.

Kuna kitu mlikisahau kwenye ungo wenu, na nikiri kwamba nilifurahi mno kukigundua. Mlihesabu siku ya harusi, hamkuhesabu asubuhi yake. Wageni wa Arua hawatarudi siku ile ile, lori halisafiri usiku, wataamka hapo wanataka chai, na jamaa wa Koboko watakuja kuangalia bibi harusi ameamkaje. Hapo ndipo watu walioweka vizuri huanza kukopa kwa aibu. Kwa hiyo jana nilikwenda kupanga foleni yangu mwenyewe, nikauza na kile kitenge cha samawati ulichokuwa ukikitamani, na debe lako limepata mwenzake. Hilo la pili usilifungue kabla ya asubuhi hiyo. Hiyo sukari haina hadithi. Ukiniuliza ni ya nini, ni ya chai.

Na Lemi akikuuliza tena unataka nini, mjibu. Usiseme "chochote," kama sisi tulivyofundishwa kusema tukidhani ndiyo adabu. Nawe umuulize yeye. Sikukusikia ukimuuliza siku ile, na mwanamume asiyeulizwa huzoea kunyamaza; mimi ninaye mmoja humu ndani, na nimeanza kufikiri kwamba hata mimi sikuwahi kumuuliza.

Baba yako ndiye atakayekushika mkono kanisani. Nimempigia pasi shati, usimruhusu alale nalo kwenye lori. Akirudi nitamuuliza harusi ilikuwaje, naye atasema ilikuwa nzuri, halafu ataomba chakula. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Niandikie, mwanangu, ila niandikie kidogo kidogo. Barua moja uniambie watu walikaaje. Nyingine, baada ya mwezi, uniambie nani alicheza na nani alilia. Ile ya namna Lemi alivyokutazama mlipotoka kanisani, iache hadi mwaka ujao. Usinipe furaha yako yote kwa mara moja. Nitaifurahia, naapa, lakini kwa sasa ukinipa yote itanikwama.

Mimi mama yako,
ninayebaki Arua.